Sauti ya Chini Kutoka California

Mimi ni Lemuel Teague, mwana wa Asa, mwana wa Josiah, mwana wa Nathaniel Teague aliyeuteremka mto Ohio juu ya chelezo akiwa na msumeno, fidla na Biblia. Nathaniel alikuwa seremala asiyeonja pombe. Josiah aliunda meli yetu ya kwanza ya maonyesho, na katika miaka thelathini na minne hakufungua pazia siku ya Jumapili, wala hakuruhusu neno chafu jukwaani. Baba yangu, Nahodha Asa, alikuwa akikaribishwa mezani na wachungaji wa makanisa tangu Pittsburgh hadi Cairo ya Illinois. Hilo ndilo jina nililorithi, na sijalitia doa. Ninalitaja kwanza ili ieleweke kwamba haya ninayoyaandika hayakutokea katika nyumba ya ovyo. Yalimpata kaka yangu Hollis, aliyekuwa bora kuliko sisi sote. Baadhi niliyashuhudia, mengine aliniambia yeye, na mengine niliambiwa na Ottilie Brandt mwenyewe, tulipokuwa wazee na aibu imekwisha kutuondoka.

Walikutana Evansville, jimbo la Indiana, Jumamosi moja ya mwezi Machi mwaka 1927, katika duka kubwa la barabara kuu ambako watu walikuwa wakisukumana kutafuta vitambaa, sufuria na peremende. Katikati ya duka palikuwa na piano, na kwenye piano alikaa msichana mwenye gauni la buluu na nywele zilizokatwa usawa wa masikio. Kazi yake ilikuwa kuuza nyimbo zilizochapwa: mteja huchagua karatasi, naye huiimba ili mteja ajue anachonunua. Hollis alikuja kutafuta nyimbo za msimu mpya. Alivaa suti ya kijivu na tai nyekundu ya jukwaani, maana hakuwa na nyingine.

"Dada, hebu niimbie huu," alisema, na mama mmoja aliyekuwa akipima utepe akaangusha mkasi.

Msichana alimtazama. "Naam, kaka. Lakini kwanza niambie nimekukosea nini."

"Umenikosea? Hata kidogo. Kwani vipi?"

"Naona unanigombeza mbele za watu."

"Sigombezi. Ndivyo ninavyoongea."

"Kwenu kuna kiziwi?"

"Kwetu kuna injini ya mvuke, kinanda cha mvuke, na watu mia saba wanaotafuna karanga."

"Pole sana. Basi simama kule kwenye sufuria. Ukiwa kule utasikika kama mtu wa kawaida."

Hollis alitembea hadi kwenye sufuria, akageuka, akaomba wimbo wa pili kutoka huko huko. Ottilie aliuimba huku akicheka, akapotea njia katika ubeti wa mwisho. Kaka yangu alinunua nyimbo kumi na moja. Meli ilihitaji nne.

Kabla Aprili haijaisha, Ottilie alikuwa ameacha duka na kujiunga na meli yetu, *Malkia wa Wabash*, kwa ridhaa ya wazazi wake na chini ya jicho la mama yangu. Kila usiku alicheza binti anayependwa na Hollis. Pazia likifungwa, yeye alikwenda upande wa kushoto wa meli na Hollis upande wa kulia, maana sheria ya babu yetu ilikuwa hiyo: wachumba hulala pande mbili za meli mpaka siku ya ndoa, na wakitembea, hutembea sitahani mahali wanapoonekana.

Kwa hiyo mapenzi yao yalikuwa ya kelele. Mashua ya mvuke iliyotusukuma haikunyamaza, na kinanda cha mvuke kilisikika maili tano. Siku Hollis alipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba anampenda, alilazimika kupaza sauti mara tatu, na wapakuaji wa makaa waliokuwa ng'ambo, upande wa Kentucky, wakamjibu kwamba wao wamesikia.

"Na wewe je?" aliuliza Hollis.

"Nimesikia mara ya kwanza," alisema Ottilie kwa ukelele. "Nilitaka uongeze."

Tulikuwa na desturi nyingine. Babu yangu alimwoa bibi yangu jukwaani, siku ya kufungua msimu, kabla ya onyesho la kwanza, na mji mzima uliingia bure. Baba yangu naye alifanya hivyo. Siku ya Hollis na Ottilie ilipangwa kuwa Jumamosi, tarehe ishirini Aprili mwaka 1929, huko Paducah, mahali meli ilipopitishia majira ya baridi. Mama alianza kushona gauni mwaka mzima kabla.

Katikati ya majira ya joto ya 1928 ilikuja kampuni ndogo ya sinema kutoka California. Walitaka kisa cha mapenzi cha wachezaji wa meli ya mtoni, na mwongozaji wao alipowaona Hollis na Ottilie jukwaani, alisema hahitaji kutafuta wengine. Walipiga picha kwa wiki tano. Ilikuwa sinema bubu kama zote tulizozizoea: watu hufungua midomo, na maneno huja yameandikwa. Hollis alikuwa na uso ambao kamera iliupenda. Sote tulijivuna.

Lakini filamu ilipokuwa ikikatwa na kuunganishwa, dunia iligeuka. Watu waliacha kutaka sinema bubu. Kampuni ikaamua kuingiza sauti katika sehemu za mwisho, na mwezi Januari ikawaita wote wawili California.

Kwa Hollis, kazi ilikwisha kwa siku tatu. Walimsimamisha katika chumba kilichozibwa mablanketi, mbele ya kipaza sauti, wakamwambia aseme. Akasema kama alivyofundishwa na baba, ili mtu wa kiti cha mwisho asidai kurudishiwa kiingilio chake. Fundi wa sauti akavua vipokea sauti vya masikioni, akashika kichwa.

"Bwana Teague, kifaa kiko hapa, inchi kumi na mbili kutoka puani kwako. Zungumza nacho."

"Ninazungumza nacho."

"Unakihubiria. Jaribu tena, kwa upole."

Alipojaribu kwa upole, sauti ilitoka kavu, haina mtu ndani yake. Hakuwahi kuitumia hata siku moja. Walimpa tiketi ya kurudi, na kwa adabu wakamwambia uso wake utabaki katika filamu. Ottilie aliombwa abaki wiki kumi, kuimba na kusema.

Kituoni alimshika Hollis kola ya koti. "Nitakuja kabla ya tarehe ishirini. Usininunie, mpenzi."

"Sinuni."

"Unanuna kwa sauti kubwa. Hata treni imesikia."

Hollis alicheka, kisha akapanda.

Sasa yafuatayo yazingatiwe, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Huko California Ottilie alikatazwa kupaza sauti. Si chumbani mwa kurekodia tu: hata mezani, hata barabarani, ili koo lisikwaruze. Alifundishwa kusema kama mtu anayemwambia mwenzake jambo sikioni. Kwa wiki nane alisema hivyo na mwenye nyumba, na muuza mkate, na kila mtu, mpaka ikawa ndiyo sauti yake. Hakuna aliyemwambia Hollis.

Jumapili moja ya Machi, baada ya chakula cha mchana, Hollis aliingia katika kibanda cha simu cha duka la dawa huko Paducah, akafunga mlango wa kioo. Opereta wa St. Louis alimpa Denver, wa Denver akampa Los Angeles. Mwishowe simu ikalia chini ya ngazi katika nyumba ya wapangaji alimokaa Ottilie.

"Halo, Ottilie," alisema Hollis, na watu watatu waliokuwa wakinywa soda dukani wakageuka.

"Hollis. Ni wewe, mpenzi wangu."

"Sikusikii. Sema kwa nguvu."

"Nakuambia nimefurahi. Nina jambo la kukueleza."

"Mbona unanong'ona?"

"Sinong'oni. Ndivyo ninavyoongea siku hizi."

"Tangu lini? Kuna nani hapo?"

"Hakuna mtu. Niko peke yangu chini ya ngazi."

"Mtu aliye peke yake hanong'oni, Ottilie. Nani amelala hapo unayeogopa kumwamsha?"

Ottilie alinyamaza. Baadaye aliniambia kwamba hakunyamaza kwa hatia. Asubuhi ile kampuni ilikuwa imempa mkataba wa miaka miwili, akaukataa kwa sababu ya tarehe ishirini Aprili. Alikuwa ameshikilia habari hiyo mdomoni kama zawadi, na ilimchukua muda kuelewa anachoulizwa.

"Rudia ulichosema," alimwambia, kwa sauti ile ile ya chini.

"Umesikia. Kaa huko na huyo unayemficha. Usisumbuke na nauli."

Akakata simu. Akatoka kibandani akiwa amenyooka kama afisa, akaaga kila mtu kwa jina. Kule Los Angeles, Ottilie aliweka sahihi siku iliyofuata.

Tarehe ishirini Aprili watu wa Paducah walijaa melini wakiwa na maua. Baba yangu alisimama mbele ya pazia, akasema mwaka huu hakuna harusi, akaomba radhi, akashuka. Hollis alicheza sehemu yake na binamu yetu Mavis, na hakukosea neno. Keki aliyoipika mama waligawiwa wapakuaji wa makaa. Mwezi Mei ilikuja barua ya Ottilie, nene, yenye maelezo yote. Hollis aliirudisha bila kuifungua.

Msimu ule ulikuwa mrefu. Alikula peke yake upande wa kulia wa meli ingawa hakukuwa na mtu wa kukaa mbali naye tena. Mama alimwambia hadharani, kitu asichokuwa na kawaida nacho: "Mwanangu, ungemwuliza mara ya pili, ungepungukiwa na nini?" Hollis akajibu kwamba chai imepoa.

Oktoba tulifunga kamba Evansville, na sinema ile ilikuwa ikionyeshwa mjini. Sisi tulikataa kwenda, kwa heshima yake. Yeye akaenda peke yake, onyesho la mchana, suti ya kijivu, kofia mkononi.

Nusu ya kwanza ilikuwa bubu. Aliiona meli yetu, na baba akipita nyuma na ndoo. Kisha taa za ukutani zikapungua, santuri yenye sauti ya filamu ikaanza kukwaruza kwenye vipaza sauti, na Hollis Teague aliye kwenye kitambaa cheupe akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mtu mwingine. Ilikuwa sauti nene, laini, ya mwanamume wa mjini, ikimwambia Ottilie maneno ambayo Hollis mwenyewe aliyasema sitahani kwetu, jua likimchoma shingo.

Mama mmoja aliyeketi kando yake alimtazama usoni, kisha akatazama mbele, kisha akarudi kwake.

"Samahani, kaka. Si wewe yule?"

Hollis akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe. Hongera. Una sauti tamu kama asali."

Hakumjibu, asije akamharibia starehe yake.

Ndipo uso wa Ottilie ukajaa ukuta mzima. Nyuma yake hapakuwa na mtu, ila ubao wa ukingo wa meli na anga. Akasema, "Usiende bado. Nina neno moja tu." Alilisema kwa sauti ile ya kibanda cha simu, ile ile, na watu mia nane wakaacha kutafuna. Hakuna aliyefikiri kwamba anamficha mtu. Kila mmoja alifikiri anaambiwa yeye, karibu kabisa. Kaka yangu aliketi pale akasikia namna alivyokuwa akisemeshwa mwezi Machi.

Hakungoja mwisho. Alivuka barabara, akaingia hoteli, akaomba simu ya masafa marefu. Safari hii hakupaza sauti.

"Naomba kuzungumza na Bi Brandt."

"Ndiye huyu. Nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Wewe nani, bwana? Sikutambui."

"Hollis."

"Hollis haongei hivyo."

"Amejifunza leo. Nimetoka sinema, Ottilie. Nimekusikia."

"Ulinisikia Machi."

"Sikukusikia."

"Na barua yangu je?"

"Niliirudisha. Nilikosa. Sina neno la kujitetea."

Pumzi yake ilisikika maili elfu mbili. "Nimekaa nawe melini misimu miwili," alisema, "na sauti hii hukunipa hata mara moja. Njoo. Sitasema zaidi kwenye simu. Njoo tuonane."

Baba alipoambiwa, aliweka kalamu chini. "Nenda kesho asubuhi. Sehemu yako nitaicheza mimi."

"Baba, una miaka sitini na moja. Ni kijana wa miaka ishirini yule."

"Watu wa Indiana hawaoni mbali. Nenda, mwanangu."

Siku ya nne, adhuhuri, mwenye nyumba ya Los Angeles, mjane aitwaye Bi Ferris, alimwingiza Hollis katika chumba cha kulia. Aliandaa supu ya kuku na mkate, akapita nyuma ya pazia zito la kijani lililotenga chumba na jiko, akawaachia faragha. Ottilie alishuka akiwa na gauni la kahawia la safari na viatu vya kamba. Mkononi hakuwa na pete.

"Umekonda," alimwambia.

"Mama anasema hivyo. Wewe umependeza."

"Wamenikunja nywele kwa pasi. Nanuka kama shati." Alitabasamu, naye Hollis akatabasamu, na kwa muda supu ikapoa bila mtu kujali.

"Unajua nilifanya nini tarehe ishirini Aprili?" alisema Ottilie. "Nilivaa gauni jeupe, nikaketi kwenye ngazi, karibu na simu. Kwenu ilipogonga saa nane mchana, saa ya harusi, huku ilikuwa saa sita. Nikasema, akipiga tu, nitasahau yote."

"Nilikuwa jukwaani na Mavis."

"Najua. Niliketi mpaka wapangaji wakarudi kula. Wakadhani nafanya mazoezi." Alisogeza bakuli. "Maneno yale kwenye sinema, Hollis, niliambiwa niuambie mti ulioshika kipaza sauti. Niliufanya mti ule wewe. Mara kumi na tisa, mpaka fundi akaridhika."

Hollis akamshika mkono. "Nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe. Nimeulizia mkataba, nikitaka wataniachia. Sanduku langu liko tayari chini ya ngazi. Treni inaondoka saa kumi."

Ndipo nyuma ya pazia kitu kikagonga sahani, kidogo tu, na macho ya Hollis yakaenda huko. Yakarudi. Ottilie akaendelea kusema kwa sauti yake ya chini kuhusu mama yangu na gauni. Macho yakaenda tena.

"Umelitazama pazia mara mbili," alisema.

"Kelele tu."

"Unafikiri kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Hutaki kuhakikisha?" Alisema kwa upole, wala hakuwa na dhihaka. "Nenda utazame."

Na kaka yangu, aliyesafiri siku tatu, ambaye hakuna kitu duniani alichokitaka ila sanduku lile chini ya ngazi, alisimama. Hatua nne. Akafunua pazia. Bi Ferris alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akila supu yake. Alimsalimu kwa kijiko.

Hollis alipogeuka, Ottilie alikuwa anakunja kitambaa chake cha mkono mara nne, vizuri, kama anayefunga duka.

"Uliniambia niende," alisema Hollis.

"Nilikuambia. Ungekaa, ningepanda treni nawe leo. Sasa nikipanda, kila nitakaponong'ona utafunua mapazia, maisha yangu yote. Nakupenda, Hollis. Sauti yangu haitarudi kuwa kubwa, na wewe huwezi kuiamini ikiwa ndogo."

"Nitajifunza."

"Ulijifunza kuongea hivyo kwa siku moja. Kusikiliza hukujifunza." Alimwekea kofia mkononi, akamsindikiza hadi kituoni kwa miguu, wameshikana mikono kama wachumba. Dirishani alimwambia amsalimie mama. Hollis alimjibu jambo fulani, kwa sauti ya chini sana, na injini ikapiga filimbi, Ottilie asisikie. Akaashiria kwa kidole sikioni. Hollis hakulirudia.

Meli yetu iliuzwa kama mbao miaka mitatu baadaye, kwani watu waliipenda zaidi sinema yenye sauti. Hollis aliongoza malango ya maji ya kupitishia meli mtoni hadi kifo chake, mwaka 1958, akiishi katika nyumba ya serikali yenye chumba kimoja na redio ambayo hakuiwasha. Hakuoa. Ottilie aliolewa akiwa na miaka arobaini na mwalimu mpole, akawa mjane mapema. Nilipomwuliza ni neno gani Hollis alilisema dirishani, aliniambia kwamba miaka mingi alikuwa akiliulizia moyoni, kisha akaacha.

Ninyi wajukuu zangu, wana wa Teague, mmelelewa katika jina jema, na jina jema halikumsaidia Hollis chochote pale kitu kilipogonga nyuma ya pazia. Nawaamuru, siwaombi: mtu anayekupenda akisema nawe kwa sauti ndogo, msogelee umsikie. Kama hujasikia, mwulize tena, na tena, wala usikate simu. Na akikuambia kwamba yuko peke yake, keti.